Pikipiki ya Ongodia Iliyohesabiwa Ng'ombe

Kama si karantini ya ng'ombe, jirani yangu Ongodia angezeeka bila kujua spana inashikwa upande gani. Alikuwa mkulima wa pamba na karanga hapa Moding, mtu mrefu, mpole kupita kiasi, mwenye tabia ya kusimama mlangoni kwa watu mpaka aambiwe mara tatu aingie. Mashamba yetu yametenganishwa na ua wa minyaa tu. Mimi niliolewa hapa nikitoka upande wa ziwa, na mambo ya Wateso niliyajifunza kwa kuchungulia. Mengi niliyachungulia kupitia ua huo.

Mwaka wa 1970 binti yake Amongin alichumbiwa na Omagor, kijana wa karibu na Malaba aliyekuwa karani kwa mnunuzi wa pamba. Pande mbili zikakubaliana mahari, ng'ombe wa kwanza wakaletwa, halafu ugonjwa wa midomo na kwato ukaingia. Serikali ikafunga minada na ikawa marufuku kumswaga ng'ombe hata kuvuka barabara. Waliofika kwa Ongodia walikuwa wachache, na kumtoa msichana kwa ng'ombe wachache ni aibu kwa anayetoa na kwa anayepokea. Ndipo Olinga, baba mkubwa wa Omagor na msemaji wa ukoo wao, alipokuja na wazo. Omagor alikuwa na pikipiki aliyoinunua kwa Mzungu mmoja mkaguzi wa pamba aliyekuwa akirudi kwao. Basi isimame mahali pa ng'ombe waliobaki.

Mimi nilicheka nyuma ya jiko. Wazee hawakucheka. Walikizunguka chungu cha ajon, ile pombe ya wimbi wanayoivuta kwa mirija mirefu, wakajadili mpaka jua likashuka. Wakaona kwamba kitu chenye pembe mbili, kinachokunywa na kunguruma, kinaweza kuwa ng'ombe. Olinga akachovya mkono chunguni akalinyunyizia tangi pombe kama wanavyomnyunyizia mtamba. Tangu hapo ilikuwa ng'ombe wa mahari, na sheria zote za ng'ombe wa mahari zikawa juu yake. Ndoa ikivunjika, ng'ombe hurudi kwa mwenyewe, tena yule yule. Akiwa amekufa, ngozi yake huonyeshwa. Hupewi mwekundu ukarudisha mweusi. Hakuna mzee hata mmoja aliyeuliza ngozi ya pikipiki ni ipi, na Ongodia, kwa upole wake, akashukuru.

Ilikuwa pikipiki ya Kiingereza ya mtindo wa zamani, kila kitu chake nje. Skuta ya padri wetu ilikuwa imefunikwa mabati mpaka chini, lakini hii uliiona yote: silinda mbili zimesimama bega kwa bega, mnyororo, nyaya, mabomba mawili ya moshi yamelala kulia na kushoto yaking'aa. Tangi lilikuwa na rangi ya damu ya mzee. Taa ya mbele ilikuwa ya duara, kubwa, na kiti kilikuwa kimoja kirefu cha watu wawili. Mama mkwe wangu aliitazama sana, kisha akauliza inakuwaje Wazungu wavae nguo nyingi namna ile halafu pikipiki yao waiache uchi. Kuanzia siku hiyo Moding nzima ikaiita Ile ya Uchi.

Miezi ya kwanza Ongodia aliifuga, sina neno lingine. Aliiweka chini ya upenu wa ghala, akaifunga kamba kwenye nguzo jioni, akaifungua asubuhi. Jumamosi aliisukuma mpaka mtoni akaiogesha pamoja na ng'ombe wenzake. Watoto walimfuata wakilia "mooo". Mwishowe alichoka kuchekwa, akaisukuma hadi barabarani, akaomba lori limchukue mpaka Busia, kwa fundi mmoja wa Burumba aliyeitwa Methuselah. Aliporudi alikuwa ameikalia yeye mwenyewe, miguu yote miwili ikikwaruza chini, macho yamemtoka. Binti yangu Apeduno, aliyekuwa na miaka kumi hivi, alimkimbilia mpaka njia panda. Akawekwa mbele, juu ya lile tangi, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia mtoto huyo kuna kitu kizuri zaidi duniani.

Basi ikaanza kubadilika. Kwanza Ongodia alitaka kubeba pamba, na kile kiti kirefu hakibebi gunia. Methuselah akakitoa, akaweka kifupi, na nyuma akachomelea keria ya chuma. Kiti kirefu kikabaki gereji, wateja wakakikalia wakisubiri. Halafu usukani ule wa chini ulimuumiza mgongo, ukawekwa wa juu. Waarabu walipofunga mafuta na petroli ikawa ya kuomba, akaona silinda mbili zinakunywa bure. Methuselah akaifungua injini ile ya Kiingereza, akaweka ndogo ya Kijapani iliyotoka kwenye pikipiki iliyogongwa na lori. Injini ndogo inahitaji bomba moja tu. Mabomba mawili ya zamani yakawa hayana kazi. Moja Ongodia aliligeuza la kupitishia maji ya mvua, la pili nililiomba mimi, likashikilia paa la banda langu la kuku. Tangi la damu ya mzee lilipoanza kuvuja, likawekwa la bluu. Taa kubwa ikamfuata mwalimu mmoja wa Butula, aliyeiunganisha na betri ya gari ili asahihishe vitabu nyumbani.

Kila badiliko lilipofanyika aliniita uani.

"Mama Apeduno! Kuja uone. Imekua."

Nami nilienda, nikasema imekua. Na kweli ilikuwa imekua, na yeye pia. Alibeba pamba za watu, akabeba saruji ya kanisa, akabeba wanawake wenye uchungu mpaka hospitali huku amejisogeza mbele karibu akalie usukani. Malaba walimjua kwa jina. Alikuwa anaingia nyumbani kwangu bila kukaribishwa, anavuta kiti, anauliza chai iko wapi. Nilifurahi sana kumwona hivyo. Mtu anaweza kuishi miaka hamsini akiomba ruhusa, kisha apate kitu kimoja kinachomtii, akanyooka mgongo.

Mambo ya Amongin hayakuwa hivyo. Miaka ilipita na hakupata mtoto. Omagor alikuwa ameacha ukarani, ameingia kwenye kahawa ya magendo iliyokuwa ikivuka mpaka wa Uganda kila uchao wakati ule, akapata pesa za haraka na pamoja nazo marafiki, pombe na mkono mwepesi. Tulisikia kwanza kwamba Amongin ameanguka kisimani. Halafu ameangukiwa na mlango. Mwaka wa 1977, kabla ya mvua kubwa, alikuja mwenyewe kwa miguu kutoka Malaba, mkono mmoja haunyooki, na ukimsemesha kutoka upande wa kushoto hageuki. Sikio hilo lilikuwa limekufa.

Ongodia alimwangalia, akaenda nyuma ya ghala, akakaa huko. Aliporudi aliniambia maneno machache.

"Harudi huko. Nitarudisha mali yao yote, lakini mtoto harudi."

Wazee wa Omagor waliitwa. Wakaja na Olinga mbele, amevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali. Wanaume wakakaa kwenye viti chini ya ghala; sisi wanawake tukatandika mkeka pembeni, Amongin katikati yetu. Mume wangu Etyang alikuwa upande wa wanaume, kama jirani.

"Mzee Ongodia, sisi hatukatai," Olinga akaanza. "Mtoto ni wako. Leta ng'ombe zetu, chukua mtoto."

"Ng'ombe ziko," Ongodia akasema. "Na ndama zao ziko. Mtafungua leo hii."

"Na ile nyekundu?"

Ongodia akaelekeza kidole upenuni. "Si hiyo hapo."

Olinga akageuka, akaiangalia kwa muda. "Hiyo ni bluu."

"Ni hiyo hiyo, mzee. Nimeitengeneza. Iko na injini mpya, iko na keria, inabeba gunia tatu. Saa hii ni mzuri kushinda vile mlileta."

"Sisi hatukuleta keria. Tulileta ya silinda mbili, ya tangi nyekundu, ya taa kubwa. Iko wapi?"

"Imekua tu, mzee. Hata ndama inakua ng'ombe."

"Inakua pembe," Olinga akasema. "Haikui ikakuwa ng'ombe ya mtu mwingine. Kama yetu imekufa, tuonyeshe ngozi."

Wanaume wakacheka, na Etyang akacheka nao. Ongodia alitazama huku na huku kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Mzee mmoja wa upande wetu akajaribu kumsaidia. Akasema kwamba pikipiki haizai, kwa hiyo ukoo wa Omagor umeshasamehe ndama, basi wasamehe na rangi.

"Ndama hatuulizi," Olinga akajibu. "Hata huyu mlitupatia hajazaa. Hapo tuko sawa."

Hapo hakucheka mtu. Amongin alikuwa amelielekeza sikio zima upande wa wanaume, kwa hiyo alisikia vizuri. Mimi nilitaka kusimama. Nilitaka kuuliza kama sikio la mtu nalo hurudishwa vile vile lilivyoletwa. Lakini mwanamke hasimami kwenye kikao kama kile, na mwanamke aliyetoka ziwani ndiye kabisa. Nilikaa nikang'oa nyasi mpaka mbele yangu pakawa peupe. Uamuzi ulikuwa mwepesi. Ng'ombe wenye miguu wangeenda siku ile. Pikipiki irudishwe kama ilivyokuja. Mpaka hapo Amongin ni mke wa watu, na mke wa watu hukaa kwake.

Alifunga leso yake. Baba yake alimsindikiza mpaka njiani.

"Papa, itachukua siku ngapi?"

"Kidogo tu," Ongodia akasema. "Kidogo tu, mama."

Kutoka hapo Ongodia alianza kuirudisha pikipiki nyuma. Methuselah hakuleta shida. Aliwaondoa wateja kwenye kiti, akakipangusa, akakitoa pamoja na usukani wa chini. Injini ya Kiingereza ilikuwa bado chini ya meza yake, imejaa kutu na vumbi, kuku ametagia juu yake. Akailoweka kwenye dizeli, wakaifungua wote wawili na kuiosha kipande kimoja kimoja. Bomba la maji ya mvua likatoka ukutani. Mimi nililitoa la kwangu bila kungoja kuombwa, paa likashuka, na kuku wangu wakahamia jikoni. Etyang akalalamika juu ya mavi ya kuku. Nilimwambia alale nje.

Mwalimu wa Butula alikataa mwanzoni. Alisema taa ni yake, alipewa, na watoto wake wanaisomea. Ongodia akasimama mlangoni pake kama zamani, hakugombana, hakuondoka. Mke wa mwalimu ndiye aliyeuliza ni ya nini. Alipoambiwa, aliingia ndani, akaichomoa mwenyewe kwenye nyaya, akaileta kwa mikono miwili. Usiku huo watoto wao walisoma kwa koroboi.

Likabaki tangi. Lilikuwa limechukuliwa zamani na Rosebella, mwanamke wa Burumba aliyekuwa akivusha waragi, ile pombe kali ya Uganda. Alikuwa ameliziba tundu, akawa analifunga kwenye baiskeli likiwa limejaa, kama mtu anayepeleka kipuri kwa fundi, na forodha hawakuwahi kulinusa. Ongodia alipomfikia, tangi lilikuwa ng'ambo, kwa dada yake.

"Nitakuletea, mzee," Rosebella alimwambia. "Lakini usiniulize lini. Askari wa huko siku hizi haongei mara mbili. Wiki jana wamechukua mtu na baiskeli, hata baiskeli haijarudi."

"Nikienda mimi mwenyewe?"

"Wewe na huo urefu? Watakuona ukiwa bado Kenya."

Basi akangoja. Kila siku ya soko alienda Busia, akasimama mahali ambapo unaona kizuizi chao na bendera yao, akawatazama wanaovuka. Wanawake walipita na ndizi, wanaume walipita na sabuni na chumvi. Alikuwa akiniambia alivyowatazama wote mikononi. Mtu akibeba chochote chenye umbo la yai, moyo unamruka. Mvua ikaja, ikapita. Tulipalilia pamba, tukaichuma, na pikipiki ikiwa imesimama upenuni na kila kitu chake isipokuwa tumbo.

Siku moja tulienda naye Malaba sokoni, tukamwona Amongin kwenye safu ya nyanya. Alikuwa amejifunga leso chini ya kidevu mpaka juu ya kichwa, kama mtu mwenye jino. Halikuwa jino. Alimsalimu baba yake kwa kupiga goti, kisha akauliza kwa sauti ndogo.

"Papa, imebaki nini?"

"Tangi tu."

"Tangi," akarudia. Akachagua nyanya zake, akalipa, akaondoka. Ongodia alibaki ameshika mkono wa kikapu changu, mimi nikiwa nimeushika upande mwingine, na hakuna kati yetu aliyeweza kufanya lolote. Chuki niliyoisikia siku ile sikujua niielekeze wapi. Ilikuwa kwa Omagor, kwa Olinga na koti lake la mvua, kwa askari wa ng'ambo nisiowajua, na hata kwa lile tangi.

Lilikuja mwishoni mwa mwaka, ndani ya gunia la mihogo. Rosebella hakutaka shukrani wala kueleza amelivushaje. Lilikuwa limebonyea upande mmoja na linanuka waragi. Ongodia alilipeleka kwa Methuselah likanyooshwa, likapigwa rangi ya damu ya mzee mara mbili. Halafu tukafanya kazi. Mimi nilisugua mabomba kwa majivu na limau, Apeduno akasugua taa, na ilipong'aa akajiangalia ndani yake akacheka. Alikuwa msichana mkubwa sasa. Ongodia alikaa chini na spana. Kila nati aliikaza, akaifuta, akairudia. Hakutaka Olinga apate pa kuweka kidole. Methuselah alipokuja kuitazama mara ya mwisho, aliizunguka, akavua kofia.

"Mzee, hata Mzungu mwenyewe hakuwa nayo hivi."

Ongodia akacheka, kwa mara ya kwanza tangu kikao kile. Chini ya ghala kulikuwa na lundo: injini ya Kijapani, tangi la bluu, keria, usukani wa juu. Vilikuwa vitu vizima vinavyofanya kazi, lakini fremu ilikuwa moja tu, na fremu ilikuwa inaondoka.

Walioenda naye kwa Omagor wamenisimulia. Olinga aliichunguza kwa muda mrefu sana. Alihesabu silinda kwa kidole. Alipiga taa kwa kucha. Alikalia kiti akainuka. Mwishowe akasema iwashwe, na Ongodia akapiga kiki moja, moja tu, ikaitika kwa sauti ile nene ya mabomba mawili ambayo Malaba haikuwa imeisikia miaka mingi. Omagor alitoka ndani mbio. Hakumsalimu mkwe wake. Alipanda, akaenda nayo mpaka barabara kubwa na kurudi, akashuka akicheka kama kijana aliyerudishiwa ujana wake.

"Ni yenyewe," Olinga akasema. "Ng'ombe yetu imerudi. Chukueni mtoto."

Amongin alitoka na karai lenye nguo zake. Walitembea yeye na baba yake mpaka Moding. Nilipowaona wanakuja nilipiga vigelegele peke yangu, na sikujali ni nani ananitazama. Nilimpikia kuku yule aliyekuwa akilala jikoni. Alikula kidogo, akalala siku mbili nzima.

Ongodia akarudi kuwa mtu wa miguu. Pamba yake ilibebwa na wengine, Malaba wakamsahau haraka, na alipokuja kwangu alisimama tena mlangoni mpaka nimwambie mara tatu. Lakini asubuhi nilimsikia akiongea na bintiye upande ule wa ua, akijisogeza kwenye sikio lile zima, na nilijiambia imetosha. Jambo hili limekwisha, nilijiambia.

Mwaka wa 1978 karantini ilirudi.

Nilijua kuna mtu anamtaka Apeduno. Etyang alikuwa amesema ni kijana wa upande wa Malaba mwenye mali, na nilipouliza jina alisema wazee bado wanaongea, mambo ya wanaume yaachiwe wanaume. Siku ya wageni nilichemsha maji ya ajon tangu asubuhi. Nilikuwa nimeinama kwenye chungu niliposikia sauti ikipanda kutoka njia panda. Nene, ya mabomba mawili. Nilidhani nimekosea. Halafu Apeduno akapita mbele yangu mbio, leso inamtoka kiunoni.

"Mama! Ile ya Uchi! Imerudi!"

Iliingia uani kwetu taratibu, tangi la damu ya mzee liking'aa, na juu yake Omagor. Olinga na wazee walikuwa nyuma kwa miguu. Etyang aliisogelea mikono imefunguka kama mtu anayepokea mtoto. Nilimvuta kando ya jiko.

"Huyu? Sikio ya Amongin hukuona?"

"Amongin alikuwa hazai. Shida yote ilitoka hapo. Apeduno atazaa."

"Etyang, nakuomba."

"Mama Apeduno, wageni wamefika. Leta mirija."

Nilimgeukia mwanangu. Alikuwa amesimama kando ya ile pikipiki, kiganja juu ya tangi, mahali pale pale alipokuwa akikalishwa akiwa mdogo. Nilimwambia kwa Kijaluo, ili wasisikie, kwamba mtu huyu anaua watu polepole. Akanijibu kwamba mimi sijawahi kupenda kitu chochote cha huku. Macho yake hayakuwa kwangu hata kidogo. Olinga akachovya mkono chunguni mwangu, akanyunyiza.

Nilikwenda kwenye ua wa minyaa kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Ongodia alikuwa tayari amesimama upande wake. Bila shaka aliisikia kabla yangu. Nyuma yake Amongin alikuwa amesimama, uso umegeuzwa kando, sikio zima upande wetu.

"Wewe unaijua," nikamwambia. "Haiwezi kuharibika? Hata leo tu? Ikizima hapa mbele ya watu, wazee watasema ni mkosi, watarudi nayo."

Alifikiri. Niliona anaipitia kichwani, kuanzia taa mpaka gurudumu la nyuma, akitafuta mahali palipo dhaifu. Alitafuta kwa muda mrefu.

"Nilikaza kila nati, Mama Apeduno," akasema. "Kila nati."

Kutoka uani Etyang akapaza sauti, amejaa furaha. Alikuwa ameikalia, hajui aguse wapi.

"Ongodia! Ndugu yangu! Wewe ndiye unaijua hii kitu. Kuja unionyeshe vile inawashwa!"

Ongodia hakusogea. Etyang akamwita tena, na wazee wakamgeukia wote, wakingoja, mirija mikononi. Mara ya tatu Ongodia akaingia.